Kutembelea bustani ya msitu kando ya kijito mjini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukionekana tu umesimama karibu na kibao cha ramani, viatu vina tope, watu wanakuja na maswali. Nimeyajibu mengi kwa mdomo, hapa nayaandika. Utaona kwamba majibu karibu yote yanarudi palepale, kwenye maji. Kijito ndicho mwenye nyumba. Ndicho kinachoamua njia ipite wapi, wapi pateleze, geti lifungwe lini na ndege wakusanyike wapi asubuhi. Sisi wengine, pamoja na bembea na meza zetu za mandari, tumekaribishwa tu.

Msitu umebakije katikati ya mji? Mbona hapakujengwa?

Mara nyingi hakuna aliyepanga ubaki. Bonde la kijito lina miteremko mikali, na chini yake kuna uwanda unaofurika, kwa hiyo wajenzi walilikwepa wakaenda kujenga juu kwenye tambarare. Kuja kushtuka, bonde ndilo pekee lenye miti.

Kwingine palilindwa kwa makusudi. Huko Philadelphia, Marekani, bonde la kijito cha Wissahickon lilijaa vinu vilivyoendeshwa na maji. Sheria ya mwaka 1868 ikauruhusu mji kulichukua bonde hilo ili maji ya kunywa yasichafuliwe, na msitu ambao watu wanaufurahia leo ulianza kama suala la bomba. Washington ilipata Rock Creek Park mwaka 1890. Msitu wa Karura wa Nairobi, wenye mito na maporomoko yake, ulinusurika kugawiwa wajenzi mwishoni mwa miaka ya 1990 baada ya Wangari Maathai na wenzake kuingia na miche mikononi na kupigwa kwa ajili yake. Seoul ndio walionishangaza zaidi. Kijito cha Cheonggyecheon kilikuwa kimezikwa chini ya zege, na juu yake pakapita barabara ya magari. Wakaibomoa, na mwaka 2005 watu wakaanza kutembea tena kando ya maji, ingawa maji mengi yanaletwa kwa pampu.

Niende saa ngapi?

Asubuhi na mapema, kabla ya saa tatu. Ndege wanaimba, mwanga unaingia kwa ubavu katikati ya shina na shina, na meza hazina mtu. Alasiri ya mwisho wa juma ndiyo mbaya kuliko zote kwa maegesho. Lakini nikupe siri: wageni wengi hawaendi mbali na gari lao. Tembea dakika kumi kupita uwanja wa watoto na kelele zote zitabaki nyuma yako.

Jioni, kumbuka kwamba bondeni giza haliingii kwa saa ya mjini. Jua hujificha nyuma ya mteremko mapema, na chini ya miti mwanga hupotea wakati juu barabarani watu bado wanasoma magazeti. Panga uwe umetoka saa nzima kabla ya machweo. Mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, na marejeo yako yatakuwa ya kupanda mlima ukiwa umechoka.

Nivae nini?

Viatu vyenye soli ya meno. Mengine ni upendeleo wako. Soli laini ya viatu vya mjini haina la kufanya juu ya jiwe lenye utelezi wa mwani, na kuna jiwe la namna hiyo kwenye kila kivuko. Suruali ndefu inasaidia mahali penye majani marefu. Beba soksi za akiba hata kama anga ni safi, utanishukuru.

Kibao kinasema mzunguko ni kilomita 4. Ni muda gani?

Mpanda milima Mskoti William Naismith aliweka kanuni mwaka 1892 ambayo bado inafaa: saa moja kwa kila kilomita 5, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwa hiyo kilomita 4 zenye jumla ya mita 100 za kupanda ni kama saa moja kasoro dakika mbili, kwa mtu anayetembea bila kusimama. Sasa, nani anayetembea bila kusimama? Ukiwa na mtoto wa miaka mitano, zidisha mara mbili, kisha ongeza muda wa kila fimbo atakayoiokota.

Mvua ilinyesha usiku. Bado naweza kwenda?

Kwenda, ndiyo. Kushuka hadi majini, subiri.

Kijito cha mjini hakifanani na kijito cha porini. Porini mvua inanyesha juu ya udongo na majani, udongo unainywa na kuitoa polepole kwa siku kadhaa. Mjini inanyesha juu ya paa, lami na zege, inaingia kwenye mitaro na kumwagwa mtoni yote kwa wakati mmoja. Ndiyo maana kijito cha mjini hupanda kwa dakika na kushuka kwa saa. Tena mvua yenyewe si lazima inyeshe ulipo. Inatosha inyeshe upande wa juu, kwenye mitaa ambayo huioni.

Hili nililijua kwa maneno, kisha nikafundishwa kwa vitendo. Nilikuwa nimekaa juu ya jiwe kubwa katikati ya mkondo, miguu mikavu, jua linawaka. Kitu cha kwanza hakikuwa sauti, ilikuwa rangi. Maji yaliyokuwa kama chai ya rangi yakageuka kuwa kama chai ya maziwa. Yakaja majani makavu, mengi, yakizunguka, halafu chupa ya plastiki, halafu ndala moja ya mtoto. Nikaitazama ile ndala, nikafikiri, huyu mtoto atalia. Nilipogeuka, mawe mawili kati ya yale niliyoyakanyaga kuja yalikuwa hayaonekani. Nilirudi kwa kuvuka maji ya magotini nikishikilia tawi, na simu haikupona.

Basi ishara ndizo hizo: maji kubadilika rangi, takataka nyepesi kuanza kuelea, na mlio wa kijito kuwa mzito. Ukiona moja tu, panda juu kwanza, ushangae baadaye.

Maji yamepita kidogo tu juu ya kivuko cha mawe. Nivuke?

Hapana.

Ukitaka sababu: maji ya kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kuibeba gari ndogo, na 60 huyabeba magari mengi. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja, na ile inayokugonga inafuatwa na nyingine. Zunguka hadi darajani. Na kama njia imefungwa kwa utepe siku moja baada ya mvua wakati maji yameshashuka, usiwaone wasimamizi kuwa waoga. Maji huula ukingo kwa chini, na nyasi za juu zinabaki zimening'inia kama zulia lisilo na sakafu.

Radi ikianza nikiwa ndani?

Ondoka majini na usijikinge chini ya mti mrefu uliosimama peke yake. Banda la wazi la mandari linazuia mvua, halizuii radi. Pazuri ni ndani ya jengo kamili au gari lenye paa la chuma. Ukiona mwanga, hesabu sekunde hadi ngurumo, kisha gawa kwa 3, hizo ndizo kilomita. Lakini usiifanye hesabu hiyo kuwa mchezo: ukiisikia ngurumo, tayari uko karibu kiasi cha kupigwa. Subiri dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho kabla ya kurudi njiani.

Watoto wanaweza kuchezea maji?

Hili linategemea kijito, na kibao cha mahali hapo kina kauli kuliko mimi. Ninayoweza kusema kwa jumla ni haya. Maji yanayopita mjini hubeba kile mji ulichomwaga: kinyesi cha mbwa, majitaka yaliyofurika, mafuta ya barabarani, mkojo wa panya. Hali huwa mbaya zaidi siku moja au mbili baada ya mvua kubwa, kwa sababu mvua ndiyo inayofagia mitaa. Mtoto mwenye kidonda asiingie kabisa, kwani homa ya mgunda, inayoenezwa na mkojo huo wa panya, hupenya kwenye ngozi iliyochubuka. Kwenye nchi zenye kichocho, hata ngozi nzima haikulindi, na maji yaliyotulia yenye konokono ndiyo ya kuogopwa.

Mchezo wa mawe na vijiti ukingoni ni jambo jingine. Waache wacheze, wewe uwe umbali wa mkono mmoja, si umbali wa benchi. Wanawishe mikono kwa sabuni kabla hawajagusa chakula.

Kuyanywa, usijaribu. Maji maangavu si lazima yawe safi, na kuyachemsha kunaua vijidudu bila kuondoa mafuta wala madini.

Nimeona utando wa rangi za upinde wa mvua juu ya maji. Kuna mtu amemwaga mafuta?

Huenda, na kuna njia ya kujua. Chukua kijiti, uchokoe ule utando taratibu. Ukivunjika vipande vipande kama kioo chembamba na vipande visirudiane, hao ni bakteria wanaoishi kwa madini ya chuma yanayotoka ardhini pamoja na maji. Mara nyingi utaona na ute wa rangi ya kutu pembeni. Havina madhara. Ukizungukazunguka na kujiunga tena nyuma ya kijiti, hayo ni mafuta. Wapigie wasimamizi, na uwaambie namba ya nguzo au daraja lililo karibu.

Povu nalo ni hivyohivyo. Povu la rangi ya maziwa yaliyochakaa, linalonuka udongo, linatokana na majani yaliyooza. Povu jeupe linalonukia dobi lina mwenyewe huko juu.

Njia ina dimbwi la tope. Nipite pembeni kwenye nyasi?

Pita katikati. Najua, kila mtu anaona tofauti. Lakini anayepita pembeni anakanyaga nyasi, nyasi zinakufa, pembeni panakuwa tope, wa kesho anapita pembeni zaidi, na baada ya misimu miwili kijia cha mtu mmoja kimekuwa na upana wa barabara. Vilevile kona za kwenye mteremko hazikuwekwa ili kukuchosha. Zimewekwa ili maji ya mvua yasipate mteremko ulionyooka. Ukikata kona, umechora mfereji, na mvua ijayo itauchimba. Ukiona tope linakukera mno, siku hiyo tembelea njia ya lami.

Mbona hawaondoi magogo yaliyoanguka mtoni? Ni uvivu?

Swali hili nalipenda. Gogo lililolala kwenye maji linapunguza kasi ya mkondo, linachimba kidimbwi nyuma yake, na samaki wadogo wanajificha humo. Majani yaliyonasa pale ni chakula cha wadudu, wadudu ni chakula cha samaki na ndege. Miti iliyosimama ukingoni nayo ina kazi: mizizi inashika udongo, na kivuli kinayafanya maji yabaki baridi. Maji baridi hushika oksijeni nyingi kuliko ya vuguvugu, na samaki wengi hilo kwao ni uhai. Kwa hiyo ukiona pia nyasi hazijafyekwa hadi ukingoni, kuna mtu aliyeamua hivyo, na pengine alibishana na watu wengi wanaopenda bustani inyolewe.

Gogo lililoziba chini ya daraja, hilo huondolewa.

Nani ampishe nani njiani?

Mwenye baiskeli ampishe anayetembea. Wote wawili wampishe mwenye farasi. Anayeshuka ampishe anayepanda, maana anayepanda akisimama inakuwa kazi kuanza tena. Farasi akija, simama upande wa chini wa mteremko na useme kitu kwa sauti ya kawaida, hata "habari za asubuhi" inatosha. Farasi akisikia sauti ya binadamu anatulia, ila kitu kilichonyamaza kichakani anakidhania mnyama wa kumla. Waendesha baiskeli: kengele ipigeni mapema, si mkiwa kisogoni. Na mnaotembea, acheni sikio moja bila kisikilizio.

Naweza kuja na mbwa?

Kama kibao kinaruhusu, ndiyo, kwa kamba fupi. Mbwa mpole kwako si mpole kwa ndege anayeatamia chini. Kinyesi chake kiokote hadi pipani. Ukikiacha, mvua itakipeleka mtoni. Kukifunga kwenye mfuko na kuuning'iniza mtini "nitauchukua nikirudi" ni ahadi ambayo sijaona watu wengi wakiitimiza.

Bata wanaonekana wana njaa. Nimebakiwa na mkate.

Hawana njaa, wamezoea. Mkate unawashibisha bila kuwalisha, unaobaki unaoza na kuchafua maji, na kundi kubwa linalokusanyika mahali pamoja huambukizana magonjwa. Kama mahali hapo pana nyani au kima, sababu ni kali zaidi: akishajua kwamba mkoba una chakula, hatangoja umpe.

Nyoka je? Kupe? Nyuki?

Nyoka huota jua asubuhi juu ya mawe ya ukingoni na kwenye vijia vyenye joto. Ukimwona, simama, rudi nyuma hatua chache, mwache aende. Tazama kabla ya kukalia gogo, na usitie mkono mahali usipopaona. Mtu akiumwa, mtulize, vua pete na saa, kiungo kilichoumwa kisitikisike, na mpeleke hospitali. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, na usimfukuze nyoka ili umpige picha.

Kupe hungoja kwenye ncha za majani marefu. Ukifika nyumbani jikague: nyuma ya magoti, kwapani, kinenani, nyuma ya masikio. Ukimkuta, mbane kwa kibanio chembamba karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha. Kumchoma kwa moto au kumpaka mafuta hakusaidii. Ukipata homa au vipele wiki zinazofuata, mwambie daktari kuhusu kupe.

Nyuki wakishambulia, kimbia, funika uso, ingia ndani ya gari au jengo. Usipunge mikono. Usiruke mtoni pia, kwa sababu watakungoja uibuke.

Tunaruhusiwa kuwasha moto?

Kwenye majiko yaliyojengwa kwa kazi hiyo tu, na siku za upepo au kiangazi kikali hata hayo hufungwa. Makaa yanayoonekana kuwa majivu hukaa na moto kwa saa nyingi. Mwagia maji, koroga, mwagia tena, hadi uweze kuyagusa. Usiyazike: moto unaweza kufuata mizizi chini ya udongo na kutokea mahali ambapo hakuna anayeutazama.

Mama yangu anatumia kiti cha magurudumu. Kuna njia inayomfaa?

Piga simu, na usiulize tu "mnafikika?" kwa sababu jibu huwa ndiyo. Uliza mambo manne. Njia ni ya lami, changarawe au udongo? Ina upana gani mahali pembamba kabisa? Mwinuko mkali ni kiasi gani? Kigezo kinachotumika sana kwa njia ya kupandia ni 1 kwa 12, yaani kupanda mita moja kwa kila mita 12 za kwenda mbele, na huo tayari unamchosha anayesukuma. La nne, je, daraja la mbao lina ngazi au geti la kuzuia baiskeli? Hapo ndipo matembezi mengi hukwama, hatua kumi tu kutoka majini. Majibu hayohayo yanamfaa mwenye kigari cha mtoto.

Nikipotea?

Kwenye bustani ya mjini hupotei mbali, lakini hofu haijui hilo. Simama. Rudi ulikotoka hadi alama ya mwisho uliyoiona, rangi mtini au nguzo yenye namba. Bondeni chini ya miti mtandao wa simu hufifia na ramani ya simuni hukuweka ng'ambo ya mto, kwa hiyo piga picha kibao cha ramani kabla ya kuingia. Usifuate kijito ukidhani kitakutoa: ukingo unaweza kuishia kwenye genge au mdomo wa kalvati. Kwa kawaida njia inayopanda kuelekea mlio wa magari ndiyo inayotoka.

Watoto wafundishe jambo moja: wakiona wamepotea, waukumbatie mti mmoja na wabaki hapo. Wape filimbi. Mipulizo mitatu ni kuomba msaada.

Choo kiko wapi?

Langoni. Pengine na kwenye uwanja wa michezo. Nenda kabla hujaanza. Ikishindikana kabisa, nenda angalau mita 60 kutoka majini na njiani, chimba sentimita 15 hadi 20, fukia, na karatasi urudi nazo.

Muziki wa spika, droni, picha za harusi?

Spika, acha nyumbani. Viwili vilivyobaki mara nyingi vinahitaji kibali, na kibali cha droni mara nyingi hakitolewi wakati ndege wanataga.

Nina nusu saa tu. Inafaa kuja?

Inafaa sana, mradi usijaribu kutembea kote. Nenda hadi daraja la kwanza, shuka mahali ambapo maji ni ya kifundo cha mguu na yametulia rangi, chuchumaa. Inua jiwe moja la ukubwa wa ngumi, ligeuze. Kwa sekunde kadhaa hutaona kitu. Halafu sehemu ya jiwe itaanza kutembea: vibuu vilivyobapa, vya wadudu wanaoishi majini kabla ya kuota mabawa, vikikimbilia upande wenye kivuli. Ukibahatika utakuta vijibomba vidogo kama punje za mchele, vimejengwa kwa chembe za mchanga zilizogundishwa moja moja, na ndani ya kila kimoja kuna mwenyewe. Baadhi ya wadudu hawa hawavumilii uchafu, kwa hiyo wanaopima maji huwahesabu kabla hata ya kupeleka sampuli maabara. Ukimaliza, lirudishe jiwe palepale, upande uliokuwa chini ubaki chini.